Maji yaleyale, mafungu manne: kufua kwa mashine ya matenki mawili

Mashine yenye tenki moja la kufulia na jingine la kukamulia hudharauliwa sana mbele ya ile ya otomatiki yenye mlango wa kioo. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, Morogoro au Mombasa, dharau hiyo haina msingi. Otomatiki inataka maji yenye presha. Vitabu vyake vingi vya maelekezo huanzia megapaskali 0.03 au 0.05, na kila mita moja ya kimo cha tenki la maji hutoa takriban 0.01 tu. Maana yake tenki likae mita 3 hadi 5 juu ya koki ya mashine, au ununue pampu. Tenki lililokaa kwenye kizimba cha mita moja na nusu halifiki huko. Mashine itakaa inasubiri maji mpaka ikatize kazi na kuonyesha alama ya hitilafu. Ya matenki mawili unaijaza hata kwa ndoo.

Lakini faida yake kubwa ni kwamba maji yanabaki mikononi mwako. Otomatiki hujaza, ikamwaga, ikajaza tena, na wewe huna la kusema. Hii haimwagi mpaka uiamuru. Maji yaleyale ya sabuni yanaweza kupitisha mashuka meupe, kisha mashati ya rangi, kisha jinzi. Kwa hiyo kuchambua nguo hapa si habari ya rangi peke yake. Unapanga foleni: ipi iingie majini kwanza, ipi isubiri, na ipi isiingie kabisa.

Pa kuiweka

Iweke kwenye sakafu iliyo sawa, karibu na shimo la maji machafu. Kinachoamua ni mpira wa kutolea maji. Mashine nyingi za aina hii hazina pampu. Maji hutoka kwa kuteremka tu. Ukiupandisha mpira kwenye sinki, au ukiupitisha juu ya kizingiti cha mlango, maji yatabaki ndani na utamwita fundi bure. Mpira ulale chini toka mwanzo hadi mwisho, bila kujikunja. Kama shimo liko juu kuliko sakafu, jenga kitako cha saruji kimo cha tofali moja, kipana kuliko mashine yenyewe, na ukipime kwa pima maji. Mashine iliyoinama kidogo tu ndiyo inayotembea wakati wa kukamua.

Plagi iwe na soketi yake ukutani, si ekstensheni iliyolala sakafuni penye maji. Baadhi ya mashine huja na waya mmoja wa ziada nyuma, wa kijani na njano. Huo ni waya wa ethi, haukuwekwa kwa urembo. Fundi umeme aufunge kwenye ethi ya nyumba. Ukigusa bodi ya mashine ukahisi inakutekenya, kausha mikono, zima ukutani, chomoa, na usifue tena mpaka ethi ikaguliwe. Watu huvaa ndala wakaendelea na kazi. Ndala haitengenezi shoti, inakuficha tu usiijue, na anayefuata kuigusa huenda ni mtoto aliye pekupeku.

Jambo moja linalosahaulika ni panya. Upande wa chini wa mashine hizi uko wazi, mna joto, na waya zake ni laini kutafuna. Nyingi huja na kifuniko cha plastiki cha kuziba chini, na mara nyingi hubaki ndani ya boksi mpaka boksi litupwe. Kifunge siku ya kwanza, kabla ya kujaza maji, kwa sababu lazima mashine ilazwe ubavu.

Kuchambua

Tandika shuka kuukuu penye mwanga, mwaga nguo zote, anza na mifuko. Sarafu ya shilingi 200 ikiingia chini ya sahani inayozunguka ndani ya tenki la kufulia hukwangua plastiki au huenda ikakaa kwenye njia ya maji. Karatasi laini ya kufutia mafua ni mbaya kuliko sarafu: inasambaratika, inaganda kwenye kila nguo nyeusi, na kuikung'uta ni kazi ya jioni nzima. Pini za hijabu na vibanio vya nywele viwekwe pembeni. Funga zipu, maana meno yake yakiwa wazi huparua vitambaa laini. Vifungo vya shati vifanye kinyume, vifungue: shati lililofungwa likivutwa na maji, mzigo wote huangukia uzi wa kifungo. Jinzi na fulana zenye maandishi zigeuze ndani nje. Soksi za mtoto na sidiria zitie kwenye mfuko wa neti, au kwenye foronya uliyoifunga mdomo. Usipofanya hivyo, siku moja soksi itapenya kati ya pipa la kukamulia na ukuta wake, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

Lebo ya ndani isome kwa nguo unazozionea uchungu. Beseni lenye namba ni kiwango cha juu cha joto la maji. Kwa kuwa mashine hizi kwa kawaida hazina hita, namba 40 isikutishe. Beseni lenye mkono ndani yake linataka kufuliwa kwa mkono. Beseni lililokatwa kwa X halitanii, hiyo haifuliwi kwa maji, ni ya dobi wa draiklini. Pembetatu iliyokatwa inakataza jiki.

Sasa mafungu, kwa mpangilio wa foleni:

Fungu la kwanza ni nyeupe: mashuka, foronya, mashati ya shule, kanzu.

La pili ni rangi nyepesi na zile zilizokwisha kutulia, yaani kanga za zamani, magauni na fulana ulizozifua mara nyingi bila maji kubadilika.

La tatu ni rangi nzito: jinzi, sketi za bluu za shule, mabuibui, masweta ya nyuzi za viwandani.

La nne ni chafu za kweli: ovaroli, nguo za shamba, matambara ya jikoni, zulia la mlangoni. Hili halitumii maji ya sabuni ya wenzake, lina utaratibu wake tutakaoufikia.

Ndani ya kila fungu tenganisha zito na jepesi. Taulo na shati jeusi la kitambaa laini visikutane hata kama rangi zinapatana, kwa kuwa taulo linamwaga nyuzi na shati linazinasa. Nje ya foleni kabisa zikae hariri, sufu, batiki, koti la mvua, na nepi yenye kinyesi ambayo haijasuuzwa. Chupi kwa desturi ya nyumba nyingi kila mtu hufua zake kwa mkono, na mashine haikuja kubadilisha adabu hiyo.

Kanga mpya ina habari yake. Doti ikitoka dukani ina wanga, na juu ya kitambaa kuna rangi ya ziada ambayo haikushika. Ikate na uipinde kwanza, maana kingo mbichi zikizungushwa majini hufumuka, na nyuzi zake hufunga kila kitu mafundo. Kisha ipime: lowesha ncha moja, ibane kwa kitambaa cheupe kwa dakika moja. Kitambaa kikitoka na rangi, kanga hiyo ifuliwe kwenye beseni, peke yake, kwa maji baridi, bila kulowekwa, na isuuzwe mpaka maji yaonyeshe kitako cha beseni. Huenda ikachukua mafuo matatu au manne kabla haijastahili kuingia fungu la pili. Chumvi na siki, ambazo karibu kila mtu amewahi kushauriwa, hazisaidii hapa. Chumvi ina kazi kiwandani wakati kitambaa kinatiwa rangi. Rangi ikishakosa kushika kule, kuloweka kwenye maji ya chumvi nyumbani hakuirudishi ndani ya uzi. Na kama ajali imeshatokea, shati jeupe limekuwa la waridi, usilianike. Lirudishe kwenye maji mapya ya sabuni likiwa bado bichi. Rangi iliyokauka, au mbaya zaidi iliyopigwa pasi, haitoki kirahisi.

Kuhusu uzito: kilo 7 zilizoandikwa ubavuni ni za nguo kavu, nazo ni kikomo. Tenki la kukamulia hubeba pungufu, mara nyingi kilo 4 na kitu. Jinzi ya mtu mzima ina gramu 600 hadi 800, taulo kubwa la kuogea 500 hadi 700, shuka la kitanda cha futi 5 kwa 6 kama 650, shati 200 hadi 250, kipande kimoja cha kanga karibu 200. Mashuka mawili, foronya nne na mashati manne ya shule ni kilo 2 na nusu hivi, na huo ni mzigo mzuri. Kipimo cha macho kinashinda mizani: mashine ikiwa inazunguka, nguo iliyo juu izame na kuibuka upande mwingine ndani ya nusu dakika. Ikibaki palepale inatikisika tu, punguza. Nguo zisizozunguka hazisuguani, na nguo zisizosuguana hazitakati hata ukimwaga sabuni ya pakiti nzima.

Madoa kabla ya mashine

Mashine ya maji baridi ni dhaifu kwa madoa, kwa hiyo dakika 10 za mkono kabla yake zina thamani kuliko dakika 15 ndani yake. Kola na makwapa yapakwe sabuni ya mche, yafikichwe kidogo, yaachwe. Mafuta ya kula yapakwe sabuni ya maji ya kuoshea vyombo doa likiwa kavu, kwa kuwa ukililowesha kwanza maji yataizuia sabuni. Damu ni maji baridi tu. Ya moto huipika ikashika kwenye uzi. Matope yaache yakauke kabisa, yapige brashi, ndipo uloweke.

Doa la bizari ya manjano huwatia watu hofu. Mchuzi ukimwagikia kanzu huacha doa la njano, ukilipaka sabuni linageuka jekundu palepale mbele ya macho yako, na mtu anaamini ameiharibu kanzu. Rangi ya bizari ndivyo ilivyo, hugeuka nyekundu ikikutana na kitu cha magadi, na sabuni nyingi za kufulia zina tabia hiyo. Suuza, njano itarudi. Kisha fua kama kawaida na uanike kanzu ikiwa imeelekea jua kali: rangi hiyo haistahimili mwanga, na siku moja au mbili za jua hufanya ambayo sabuni haikuweza. Utomvu wa mgomba uliokwisha kukauka na kuwa mweusi ni kesi nyingine. Nguo hiyo ihesabu ya kazi.

Maji na sabuni

Pima tenki lako mara moja tu kwa ndoo ya lita 20. Mashine ya kilo 7 kwa kawaida hula ndoo mbili na nusu hadi mstari wa juu. Ukishajua, hutabahatisha tena.

Kwa ndoo hizo mbili na nusu anza na gramu 50 hadi 60 za sabuni ya unga, yaani vijiko vya chakula 5 au 6 visivyo na kilima. Ivuruge kwanza kwenye jagi la maji ya uvuguvugu mpaka usione chembe. Unga unaomwagwa juu ya nguo hujificha kwenye mikunjo na kutokea baadaye kama madoa meupe kwenye buibui. Povu linalotakiwa ni utando mwepesi juu ya maji. Povu zito linawafurahisha wengi, ila kazi yake ni kama godoro: nguo zinaelea humo bila kugusana, na kulisuuza kunakula ndoo mbili zaidi. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono inakubalika kwenye mashine hii. Kwenye ile ya mlango wa mbele usiithubutu, povu litatokea kwenye droo ya sabuni.

Kufua, hatua kwa hatua

1. Hakikisha swichi ya kuchagua haiko palipoandikwa Drain (kumwaga maji). Jaza maji, tia sabuni uliyovuruga, zungusha dakika moja bila nguo.

2. Tia fungu la kwanza nguo mojamoja, ukiikunjua kila moja. Shuka likiingia kama mpira hutoka kama mpira, katikati pakavu. Zungusha dakika 2, zima, acha ziloweke dakika 20 hadi 30. Ni nyeupe tu zinazolowekwa hivi.

3. Fua dakika 10 hadi 12. Swichi ya muda izungushe kuelekea kulia tu. Kuirudisha nyuma kwa nguvu kunavunja meno yake ya ndani.

4. Nyanyua nguo juu ya maji, ziache zichuruzike kidogo, zihamishie tenki la kukamulia. Maji ya sabuni usiyaguse.

5. Kamua dakika moja na nusu au mbili, kabla ya kusuuza. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa maji kuliko nyingine yoyote. Nguo ya pamba iliyotoka majini sasa hivi imebeba maji mengi kuliko uzito wake, nayo yote ni maji ya sabuni. Ukiitumbukiza hivyo kwenye maji safi, umeyageuza kuwa maji ya sabuni mara ya pili, na ndiyo maana watu husuuza mara nne. Ikikamuliwa kwanza, misuuzo miwili inatosha.

6. Wakati tenki la pili linakamua, la kwanza tayari linafua fungu la pili. Ongeza nusu ndoo ya maji yaliyopungua na vijiko viwili vya sabuni. Dakika 6 hadi 8 kwa mashati na magauni, 3 au 4 kwa vitambaa laini ukiwa umeweka swichi kwenye Soft.

7. Fungu la tatu vilevile: nusu ndoo, vijiko viwili, dakika 12 hadi 15 kwa jinzi. Mafungu yaliyokamuliwa yasubiri kila moja kwenye beseni lake. Usiyarundike pamoja yakiwa mabichi, rangi huhama kimyakimya.

8. Mwaga maji ya sabuni. Suuza tenki kwa jagi moja, futa utando wa ukutani, jaza maji safi. Suuza kwa foleni ileile, nyeupe, nyepesi, nzito, dakika 3 kila fungu, na kila fungu likamuliwe dakika moja likitoka.

9. Mwaga, jaza tena, rudia. Kukamua kwa mwisho ni dakika 4 au 5 kwa pamba nzito na mashuka, dakika 1 au 2 kwa mashati, ili mikunjo isishike.

10. Maji ya msuuzo wa pili bado ni karibu safi. Yatie sabuni kipimo kamili, na sasa ndipo fungu la nne linaingia. Lisuuzwe kwa nusu tenki mara mbili.

Hesabu yake: ndoo 3 na nusu za kufulia, 3 za msuuzo wa kwanza pamoja na nusu ya kujazia, 3 za wa pili vilevile, 2 na nusu za fungu la nne. Ndoo 12. Kila fungu lingepewa maji yake ya kufulia na ya kusuuzia mara mbili, ungemwaga ndoo 30. Kwa anayenunua maji ya boza hizo ni pesa. Ukitega karai bapa mwisho wa mpira, maji yanayotoka wakati wa kukamua yanatosha kudekia ukumbi.

Tenki la kukamulia

Wengi huliita draya, ingawa halikaushi. Kazi yake ni kuzungusha nguo kwa kasi kubwa maji yarushwe nje kupitia matundu, na fujo zote za mashine hii zinatoka humo.

Panga nguo zikizunguka ukuta wa pipa, nzito chini, nyepesi juu, pande zote sawa. Zisukume chini kwa viganja, kisha laza juu yake kile kifuniko chembamba cha plastiki cha ndani. Kisipokuwepo, mkono wa shati huruka juu na kujisokota kwenye ukingo. Taulo moja peke yake mashine italikataa. Lipe mwenzake uzito uleule upande wa pili. Shuka likunje tabaka tabaka ulizungushe, usilisokote.

Funga kifuniko cha nje, washa, na simama hapo kwa sekunde 10 za kwanza ukisikiliza. Mngurumo unaopanda taratibu ni mzuri. Ukisikia gudugudugudu na mashine inaanza kuhama, fungua kifuniko: umeme hukatika na breki hushika pipa. Usiibane mashine kwa mikono wala kuikalia, panga nguo upya. Na usiingize mkono mpaka pipa limesimama kabisa, hata likiwa linazunguka polepole, kwa sababu nguo bichi inajifunga kwenye vidole na kuvuta. Pipa likichukua zaidi ya sekunde 15 hivi kusimama baada ya kufungua, breki imechoka. Acha kulitumia mpaka litengenezwe, hasa nyumba yenye watoto.

Koti la mvua, shuka la plastiki la kitanda cha mtoto na chochote kisichopitisha maji kisikamuliwe humo. Maji hukusanyika ndani yake kama kwenye mfuko, pipa likishapata kasi yanahamia upande mmoja ghafla, na mashine inaweza kujipasua.

Maji ya kisima

Maji ya visima vya mwambao mengi ni ya chumvi na magumu. Sabuni ya mche haielewani nayo: badala ya povu unapata utando wa kijivu unaoganda kwenye tenki na kwenye nguo nyeupe. Tumia ya unga au ya maji, ongeza kijiko kimoja au viwili juu ya kipimo. Ukiwa na ndoo chache za maji matamu, ziweke kwa msuuzo wa mwisho, hapo ndipo zinaonekana.

Jiki na maji ya kisima yenye chuma ni ugomvi mwingine. Chuma kilichoyeyuka hakionekani, maji ni meupe kabisa, ila jiki inakigeuza kutu palepale, na shuka ulilotaka liwe jeupe linatoka na mabaka ya hudhurungi. Ukiona maji ya kisima chako yanaacha alama za kutu kwenye ndoo, usitie jiki humo. Kokote utakakoitumia, ichanganye na maji kwanza, kwa pamba nyeupe tu. Sufu, hariri na nguo zinazovutika huharibika. Isikutane kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na chumba cha kufulia huwa kidogo.

Ikigoma

Maji hayatoki: tazama kwanza mpira, kisha swichi. Vyote vikiwa sawa, kuna kitu kimekaa kwenye vali ya kutolea maji, mara nyingi nyuzi zilizoshikamana na kifungo au kibanio.

Sahani ya kufulia inanguruma haizunguki: punguza nguo ujaribu. Ikiendelea, mkanda umelegea au kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, imechoka. Tazama pia taa za nyumba. Zikiwa zimefifia, umeme ni mdogo. Zima mara moja, kwa sababu mota inayonguruma bila kuzunguka inaungua ndani ya dakika chache. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo muachie fundi.

Tenki la kukamulia halianzi kabisa: bonyeza kifuniko kifunge sawasawa, swichi yake ndogo huwa imekosa kuguswa tu. Linaanza kwa uzito na kukwaruza: tafuta soksi iliyozama kati ya pipa na ukuta wake. Maji yanadondoka chini yake na kuna mlio wa chuma kwa chuma: sili ya mhimili, yaani mpira unaozuia maji yasipenye, imekwisha. Hilo usilicheleweshe, mota iko chini yake hapohapo na maji yanaiangukia.

Vipande vyeusi vinavyoganda kwenye nguo nyeupe ni sabuni na ukungu uliojijenga pasipoonekana, chini ya sahani na nyuma ya pipa. Jaza maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, tia kikombe cha jiki, zungusha dakika 10, acha saa moja, zungusha tena, mwaga, suuza mara mbili. Neti ya kunasa nyuzi igeuze na kuiosha kila baada ya kufua; ikijaa, nyuzi zinarudi kwenye nguo. Ukimaliza chomoa plagi, acha vifuniko vyote wazi mpaka ndani pakauke.

Kuanika

Anika mara tu baada ya kukamua. Za rangi zigeuze ndani nje, kanga na vitenge vipate kivuli chenye upepo, nyeupe ndizo zipewe jua. Usitandike nguo juu ya majani wala ua: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye udongo, na mabuu yake huingia kwenye ngozi ya mvaaji yakafanya majipu. Panapo nzi huyo, zipige pasi ya moto pande zote mbili, na usiruke mishono, kiuno cha chupi na kingo za nepi.

Msimu wa masika rudia kukamua, mara mbili za dakika 4, ukizigeuza nguo katikati, kisha zianike barazani kwa nafasi ya kiganja kati ya moja na nyingine. Nguo iliyokaa nusu siku mbichi ndani ya pipa huanza kunuka uvundo. Hiyo irudi kwenye maji ya sabuni. Pasi huzima harufu mpaka mvaaji atoke jasho tu.